Kabla Hujamgeuza Bondia Mwenye Shoto

Kocha mwenye vijana ishirini na jozi nne za glavu hana nafasi ya kumshughulikia kila mmoja peke yake. Anawapanga mstari na kuita: mguu wa kushoto mbele, mkono wa kulia kidevuni. Wote wanafuata, wenye shoto wakiwemo. Kijana wa Masafu, Uganda, aliyeanza hivyo anaweza kupigana miaka, akaingia ulingoni Tororo, akavuka mpaka pale Busia kupambana na Wakenya, na asiulizwe hata siku moja mkono wake halisi ni upi. Kwangu hilo ni jambo zito. Msimamo anaopewa katika mwezi wa kwanza ndio utakaomkaa mwilini, na kuubadilisha baadaye ni kazi kubwa.

Basi anza kwa kumjua. Usiitegemee kalamu. Watoto wetu hufunzwa kula na kusalimia kwa mkono wa kulia, na kumpa mzee kitu kwa kushoto ni utovu wa adabu, kwa hiyo wapo wenye shoto wanaoandika kwa kulia vizuri tu. Mtazame akifanya kazi ambayo hakuna aliyemsahihisha. Mpe kisu amenye muhogo. Mkono mmoja utaushika muhogo na kuuzungusha polepole. Mwingine utaendesha kisu kwa kifundo, maganda yakitoka marefu bila kukatika. Mkono huo wa kisu ndio wenye ustadi. Kisha mwambie arushe jiwe alenge shina la mwembe, nawe tazama mkono unaorusha na mguu unaotangulia. Msukume kidogo kwa nyuma bila kumwonya, uone ni mguu gani unaomkinga asianguke.

Wengine watatumia kushoto katika kila jambo. Wengine watakushangaza: kisu kwa kushoto, jiwe kwa kulia. Hawa wa pili ndio wanaofaa zaidi kusimama kama watu wa kulia, kwa sababu ngumi nzito ya nyuma hutoka mwilini karibu sawa na jiwe linavyorushwa. Nguvu huanzia kwenye kisigino cha nyuma, hupita nyonga, hufika begani, mkono ukiwa wa mwisho. Anayerusha kwa kulia tayari anayo njia hiyo mwilini, na mkono wake wenye ustadi utakuwa mbele, mahali pa jebu, ngumi ya moja kwa moja ya mkono wa mbele.

Yule wa kushoto mtupu mfikirie mara mbili kabla ya kumgeuza asimame kama mtu wa kulia. Uganda ina ushahidi mkubwa katika jambo hili. Ayub Kalule alipigana kwa shoto lake, mguu wa kulia mbele. Mwaka 1974 alitwaa dhahabu ya Michezo ya Jumuiya ya Madola kule Christchurch, na mwaka huohuo akawa bingwa wa dunia wa ridhaa mjini Havana. Oktoba 1979 alikwenda Akita, Japani, akamshinda Masashi Kudo kwa pointi na kuchukua taji la dunia la WBA. Cornelius Boza-Edwards, mzaliwa wa Uganda, naye alikuwa wa kushoto, na mwaka 1981 alimnyang'anya Rafael Limón taji la WBC. Bondia wa kushoto huwasumbua wapinzani kwa kuwa hawajamzoea: miguu ya mbele inakanyagana, na ngumi zinatoka pembe wasizozitarajia. Ukimgeuza kwa sababu tu wenzake wanalalamika kwamba ni vigumu kufanya naye mazoezi, umemvua silaha ili wengine wapumue. Waache wasumbuke, watajifunza.

Lakini ipo sababu nzuri ya kumgeuza, nayo ni mkono wa mbele. Oscar De La Hoya, mshindi wa dhahabu ya Olimpiki ya Barcelona 1992, ni mtu wa kushoto aliyesimama kama wa kulia. Miguel Cotto wa Puerto Rico vilevile. Wote wawili waliogopwa kwa mkono wa kushoto. Jebu ndiyo ngumi inayorushwa mara nyingi kuliko zote, na ikitoka kwenye mkono wenye nguvu inaumiza badala ya kupima tu umbali. Tena ini liko upande wa kulia chini ya mbavu, na ngumi ya kushoto ya kuzungusha hulifikia kwa urahisi. Mfundishe kijana wako kupiga jebu juu mara mbili. Mpinzani akiinua kiwiko cha kulia kujikinga uso, apinde magoti na kuzungusha kushoto chini ya kiwiko hicho.

Gharama ya kumgeuza italipwa na mkono wa kulia, na hapo ndipo makocha wengi huzembea. Kijana aliyegeuzwa hupenda kushoto kiasi kwamba kulia kunalala. Kunashuka kutoka kidevuni kila anapopiga jebu, na uzito wote unahamia mguu wa mbele. Chukua kitambaa kilichokunjwa, abane kati ya ngumi ya kulia na shavu huku akipiga jebu hewani. Kikianguka, aanze upya. Raundi moja katika kila tatu za begi iwe ya kulia peke yake, taratibu, ukitazama kisigino cha nyuma: kisipoinuka na kugeuka, anasukuma kwa mkono mtupu. Mwisho wa mazoezi arushe mpira au mawe kwa kulia, kisha arudie mwendo uleule mbele ya begi bila kitu mkononi. Kama begi lenu ni gunia, lijazeni nguo chakavu wala msitie mchanga. Mchanga hushuka chini na kugandamana, na kifundo cha mkono dhaifu ndicho kitakachoumia kwanza. Kifunge bendeji kwa makini kuliko kile cha kushoto.

Mpe miezi, usimpe wiki. Katika muda huo msimamo uwe mmoja. Kumrudisha kushoto Jumatatu na kulia Alhamisi kunavuruga miguu, na bondia aliyevurugika miguu hupigwa akiwa njiani kubadilisha. Baadaye sana, miguu ikishakomaa, anaweza kufundishwa kubadili msimamo pambanoni.

Muulize yeye pia. Mwenye mwili anajua mengi, ila vijana wetu hawamkatalii mwalimu hadi waulizwe wakiwa peke yao. Ikiwa miezi imepita na kulia bado hakupigi, au akichoka anajikuta mguu wa kulia umetangulia wenyewe, mrudishe kwenye shoto lake bila kumwaibisha. Ikiwa kulia kumeamka, mtafutie pambano la kwanza na mpinzani wa msimamo wa kawaida, mwenye uzito na uzoefu sawa naye. Kwenye kona, kati ya raundi, mkumbushe jambo moja tu: kulia kidevuni.