GARI LA KIFAHARI NA MAUMIVU YA KIUNO



Wahenga walisema, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mwezi huu tunataka kuzungumzia kitanda cha aina nyingine, yaani kiti cha gari. Huenda wengine watashangaa na kusema, "Mwenye gari la kifahari ana shida gani?" Lakini sisi tunaopokea wagonjwa kila siku tunajua kwamba kiuno hakitambui bei ya gari.

Tunazungumzia yale magari ya kifahari ya kimo cha juu, ambayo si ya porini kama Land Rover, wala si gari dogo la chini. Mfano unaojulikana na wengi ni Toyota Harrier, lililoanza kuuzwa Japani mwaka 1997, na kuanzia mwaka 1998 likauzwa nchi nyingine kwa jina la Lexus RX. Magari ya namna hii hujengwa kwa mtindo wa gari dogo, kisha yakainuliwa. Hatuandiki ili kulisifu au kulilaumu gari la kampuni yoyote. Tunataka kumfundisha anayeliendesha.

Mgonjwa wetu mmoja

Alifika kwetu mfanyabiashara mmoja wa miaka 58. Ametukubalia tusimulie habari zake bila kumtaja jina. Hakuja kwa sababu ya mgongo. Alikuja kwa sababu alikuwa amepata choo cheusi kama lami, na alisikia kizunguzungu kila aliposimama. Alikuwa anavuja damu tumboni.

Tulipomwuliza anatumia dawa gani, alitoa mfukoni karatasi ya vidonge vya diklofenaki. Alikuwa amevimeza kwa wiki sita, na mara nyingine alichomwa sindano katika duka la dawa. Kwa nini? "Sista, figo zinaniuma," alituambia, huku akishika kiuno. Tulipima mkojo na damu, na figo zilikuwa salama. Maumivu yalikuwa ya misuli na pingili za kiuno, nayo yalianza mwezi aliponunua gari la kifahari na kuanza kusafiri nalo kila wiki, saa saba kwenda na saa saba kurudi.

Alipopata nafuu ya tumbo, tulitoka naye mpaka uwanjani tukamwomba atuoneshe anavyokaa. Kiti kilikuwa kimelazwa nyuma kama kitanda. Makalio yake yalikuwa yameteleza mbele juu ya ngozi laini ya kiti, mgongo umepinda kama upinde, mikono imenyooka kuufikia usukani. Katika mfuko wa nyuma alikalia pochi nene. "Na barabarani linayumba kama mtumbwi," alisema. "Nikifika nyumbani, mabega yamekauka." Hapo tukaelewa ugonjwa wake.

Kwa nini kiti kizuri kinaumiza?

Uti wa mgongo una pingili, na kati ya pingili na pingili kuna kisahani laini kinachopunguza mshtuko. Kwa mtu mzima kisahani hicho hakina mishipa ya damu ndani yake. Hupata chakula chake pale mtu anapojongea, kama sifongo inavyominywa na kuachiwa. Ukikaa bila kujongea kwa saa nyingi, kisahani kinabanwa tu. Vipimo vilivyofanyika Ujerumani na kutangazwa mwaka 1999 vilionesha kwamba kukaa ukiwa umeinama mbele huongeza sana mgandamizo ndani ya kisahani kuliko kusimama wima.

Jambo la pili ni mtikisiko. Mwili wa mtu aliyekaa hutikisika zaidi pale kiti kinapopanda na kushuka mara 4 hadi 6 hivi kwa sekunde, na gari katika barabara mbovu hutoa mitikisiko ya namna hiyo. Wako wanaobadilisha magurudumu na kuweka ringi kubwa zenye tairi nyembamba ili gari lipendeze. Tairi nyembamba ina hewa kidogo ya kumeza mshtuko. Kila tuta na kila shimo hufika kiunoni.

Jambo la tatu ni tabia ya gari lenyewe. Gari la juu hubeba uzito wake mbali na ardhi, kwa hiyo likikata kona huinama upande. Dereva naye huvutwa upande, na kama kiti ni kipana na chenye ngozi ya kuteleza, hujishikilia kwa mapaja, kiuno na usukani. Usukani wenyewe huwa mwepesi mno, mkono hausikii barabara vizuri, na dereva huurekebisha kila dakika bila kujua. Baada ya saa tatu, shingo na mabega huchoka kama ya mtu aliyelima.

Jinsi ya kupanga kiti

Fanyeni hivi kabla ya kuwasha gari:

1. Toa pochi, simu na funguo katika mfuko wa nyuma. Ukikalia pochi, nyonga moja huinuka na mshipa wa fahamu wa mguu hubanwa.
2. Sukuma makalio mpaka mwisho wa kiti.
3. Pandisha kiti mpaka nyonga zilingane na magoti au zizidi kidogo, nawe uone barabara vizuri.
4. Sogeza kiti mpaka uweze kukanyaga breki mpaka chini huku goti bado limekunjika kidogo. Kati ya ukingo wa kiti na nyuma ya goti ibaki nafasi ya vidole viwili au vitatu.
5. Inua egemeo. Liegemee nyuma kidogo tu. Mabega yakiwa yamegusa kiti, vifundo vya mikono vifike juu ya usukani. Kifua kiwe mbali na usukani sentimita 25 au zaidi, kwa sababu ya mfuko wa hewa unaofumuka wakati wa ajali.
6. Kama kiti hakina egemeo la kiuno, kunja kanga au taulo unene wa ngumi, uiweke pale kiuno kinapoingia ndani.
7. Pandisha egemeo la kichwa lilingane na utosi.

Kama gari linaendeshwa na watu wawili, kila mmoja apange kiti upya. Baba mrefu na mama mfupi hawawezi kutumia mpango mmoja.

Mama mjamzito apitishe mkanda wa chini chini ya tumbo, juu ya mifupa ya nyonga, na ule wa juu kati ya matiti. Asiache kufunga mkanda.

Gari nalo litazamwe

Pima upepo wa tairi gari likiwa limepoa, kwa kiasi kilichoandikwa kwenye kibandiko cha mlango wa dereva. Upepo ukizidi, gari hurukaruka, ukipungua, huyumba. Gari likivuta upande mmoja, mpelekee fundi alitazame. Punguza mwendo kabla ya kona, si katikati ya kona. Usipakie mizigo mizito juu ya paa, wala usikate usukani kwa ghafla kumkwepa mbuzi, kwa maana gari la juu hupinduka upesi kuliko la chini.

Safari ndefu

Simama kila baada ya saa mbili. Shuka, tembea dakika tano, nyosha mgongo. Usikimbilie kuinua mzigo mzito mara tu unaposhuka, maana mgongo bado umechoka. Kunywa maji.

Kuna hatari nyingine. Mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba kukaa safarini saa 4 au zaidi, iwe kwa ndege, basi, treni au gari, huongeza mara mbili hivi uwezekano wa damu kuganda katika mishipa. Hatari kwa kila mtu ni ndogo, lakini huzidi kwa mjamzito, aliyejifungua karibuni, aliyefanyiwa upasuaji na aliyewahi kuugua ugonjwa huo.

Usingoje, njoo hospitali

Maumivu mengi ya kiuno hupungua ndani ya wiki chache kwa kutembea na kuendelea na kazi nyepesi. Kulala kitandani siku nyingi huyachelewesha. Lakini njoo siku hiyo hiyo ukiona haya:

- ganzi sehemu za siri, au kushindwa kuzuia mkojo au choo, au mkojo kukataa kutoka;
- mguu kuishiwa nguvu;
- mguu mmoja kuvimba na kuuma, au kubanwa pumzi na kukohoa damu;
- choo cheusi baada ya kutumia dawa za maumivu;
- maumivu ya mgongo baada ya ajali.

Maumivu yanayoambatana na homa, jasho la usiku au kukonda nayo yasipuuzwe. Huenda ikawa kifua kikuu cha uti wa mgongo, nacho kinatibika kikiwahiwa. Wala msinunue dawa za maumivu wiki baada ya wiki bila kupimwa. Dawa hizo hutoboa tumbo na huharibu figo. Mgonjwa wetu alikuwa akiogopa figo, na kila siku alimeza kile ambacho kingeziumiza.

Aliongezewa damu chupa mbili. Leo bado anaendesha gari lile lile, akiwa na kanga ya mkewe kiunoni na pochi ndani ya kisanduku cha gari. Safari ya saa saba sasa anaifanya kwa saa nane, na anafika akiwa mzima.

Maswali ya kujadiliana nyumbani

1. Nani katika familia yetu hukaa kwenye gari, basi au ofisini zaidi ya saa mbili bila kusimama?
2. Je, kuna dawa za maumivu nyumbani zinazotumiwa bila ushauri wa mganga?
3. Tukienda kwenye gari sasa hivi, kiti cha dereva kimepangwaje?