Hukumu za Utumwa katika Taurati ya Bani Israili

Ndugu zetu wasomaji, mara nyingi twaulizwa: vipi Taurati iliyomo mikononi mwa Mayahudi na Wakristo iwe na hukumu za utumwa, na hali Bani Israili wenyewe walitolewa utumwani Misri pamoja na Nabii Musa (A.S.)? Jawabu lataka utulivu. Kwani ashikaye aya moja akaiacha ya pili ni kama kadhi ahukumuye kabla ya kusikiza mashahidi wote.

Kwanza tulijue neno. Kiebrania husema "ebed", ndugu wa "abdi" la Kiarabu. Nalo hutumika kwa mtumwa, kwa mtumishi wa mfalme, na kwa mja wa Mwenyezi Mungu. Basi sisi watu wa pwani, tukumbukao misafara na masoko kila tusikiapo "mtumwa", tusidhani wote walioitwa hivyo walikuwa na hali moja.

Pili, Mwebrania. Huyu aliuzwa kwa ufukara, au kwa wizi asioweza kuulipa. Kitabu cha Kutoka, mlango wa 21, chaamuru atumike miaka 6, na wa 7 atoke huru bila ya malipo. Akipenda kubaki kwa bwana wake, hutogwa sikio penye mwimo wa mlango. Kumbukumbu la Torati, mlango wa 15, chaongeza kuwa asitoke mikono mitupu, bali apewe kondoo, nafaka na divai. Na sababu yake ni kuwa wao pia walikuwa watumwa Misri. Mtumwa aliyetolewa jicho au jino na bwana wake huwa huru. Na mlango wa 23 wakataza kumrejesha mtoro, ilhali sheria ya Hammurabi wa Babeli ilimhukumu kifo amfichaye.

Tatu, mgeni. Hapa hatufichi neno. Walawi, mlango wa 25, waruhusu watumwa wa mataifa mengine kununuliwa na kurithishwa watoto milele. Na Kutoka chasema bwana aliyempiga mtumwa haadhibiwi ikiwa aliyepigwa ataishi siku moja au mbili, kwani ni mali yake.

Hata ile hukumu ya Mwebrania haikutimizwa sikuzote. Katika Yeremia, mlango wa 34, twasoma kuwa Yerusalemu ilipozingirwa na Wababeli, karibu na mwaka 588 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa (A.S.), mfalme Sedekia na watu wake walifanya ahadi ya kuwaacha huru watumwa wao Waebrania, wakawaacha, kisha wakageuka, wakawatia utumwani tena. Yeremia akawaonya kwa upanga, tauni na njaa.

Tazameni: hawakukosa kitabu wala hawakukosa kujua. Walikosa kuachia kile walichokizoea kukifaidi. Basi amwajiriye maskini au amdaiye asiyekuwa nacho, na ajiulize leo kama yu pamoja na walioacha, au pamoja na waliorudisha.