Linda Jina Lako Mtandaoni



Mfanyabiashara wa viazi katika Kata ya Ramadhani, mjini Njombe, hupokea fedha kwa simu kutoka kwa mnunuzi aliyeko Makambako kabla gari halijapakiwa. Mnunuzi hutuma kwa sababu anaiamini namba ile na jina lile. Mtu mwingine akiyachukua, huichukua na imani hiyo.

Tuchukue mfano. Mama muuza parachichi anaweka picha zake na za shamba lake mtandaoni. Tapeli anazinakili, anafungua ukurasa wenye jina lilelile, anabadili namba ya simu tu, kisha anawaomba wateja malipo ya awali. Fedha zinatumwa, mzigo haufiki. Tapeli anatoweka, na lawama inambakia mama ambaye hakupokea hata shilingi moja.

Ili yasikufike hayo, tunakushauri:

1. Hakiki laini zako. Tangu mwaka 2019 laini husajiliwa kwa alama za vidole na Namba ya Utambulisho wa Taifa. Piga *106# uone namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukikuta usiyoitambua, nenda kwa mtoa huduma aifute, kwa maana uhalifu utakaofanywa kwa laini hiyo utaulizwa wewe kwanza.

2. Ukiwa kwa wakala, usikubali kurudia kuweka kidole bila kuelezwa sababu. Usajili mmoja usizae laini mbili.

3. Usimpe mtu yeyote namba yako ya siri wala namba ya uthibitisho uliyotumiwa, hata akijitambulisha kuwa ofisa wa kampuni ya simu. Washa uthibitisho wa hatua mbili katika WhatsApp.

4. Usiweke hadharani picha ya kitambulisho chako.

5. Mara kwa mara tafuta jina lako na la biashara yako mtandaoni, uone wanachokiona wengine.

Jina lako likishatumiwa vibaya, usifute chochote. Hifadhi picha za skrini, namba na tarehe. Wajulishe wateja kwa namba wanayoifahamu, ripoti ukurasa huo kwa wenye mtandao, kisha toa taarifa Polisi. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza kujifanya mtu mwingine kwa kutumia kompyuta. Ujumbe wa utapeli uripoti kwa namba 15040. Aidha, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inakupa haki ya kutaka taarifa zako zisizo sahihi zirekebishwe. Malalamiko hupelekwa kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.

Nawe mnunuzi, namba ya muuzaji ikibadilika, ipigie ile ya zamani kabla ya kutuma fedha.

Maswali ya kujipima

(a) Ni laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako?
(b) Mteja wako atatambuaje ukurasa wa bandia wenye picha yako?