Kupunguza Kelele za Feni ya Kompyuta

Swali: Je, ni salama kuipunguzia feni ya kompyuta volti katika joto la Kitui na Makueni?

Jibu: Feni nyingi za kompyuta ya mezani hutumia volti 12. Zikipewa volti 7, kelele hupungua sana, lakini hewa hupungua pia. Kwa volti 5, baadhi hushindwa kuanza kuzunguka. Njia salama zaidi ni mipangilio ya ubao mama, unaoongeza kasi joto linapopanda. Mahali penye joto na vumbi kama Kibwezi na Mutomo, feni isafishwe kwanza, kisha joto la prosesa lipimwe adhuhuri kompyuta ikifanya kazi nzito. Likizidi nyuzi 80, kasi irudishwe. Feni ya pawasaplai isiguswe: ndani yake umeme hatari hubaki hata baada ya kuzimwa.