Dondoo muhimu: Mbwa ni wako, ufuo ni wa wote
Mwenye mbwa Kilwa Masoko atakwambia mbwa wake haumi, tena ndiye anayefukuza nguruwe pori shambani. Shambani, sawa. Lakini ufuoni, penye soko la samaki, au njiani kuelekea msikitini, mate yake tu yakigusa kanzu humlazimu Mwislamu wa madhehebu ya Shafii kuiosha mara 7, moja kwa udongo. Adha hiyo haihitaji jino. Na mbwa mpole naye huambukizwa kichaa cha mbwa, ndiyo maana mkoa wa Lindi, ilipo Kilwa, uliingizwa katika kampeni ya chanjo ya kusini-mashariki iliyoanza 2010. Basi mchanje, na mfunge kamba mnapotoka. Akimng'ata mtu, jeraha lioshwe kwa maji na sabuni dakika 15, kisha hospitali siku hiyohiyo, hata likiwa mkwaruzo tu.