Gari la Kikundi Likichemka, Tusikimbilie Kutupa Thamostati

Vikundi vingi vya Kisii na Nyamira vinajua kuchunga ng'ombe wa gredi na miche ya chai, lakini gari likinunuliwa linaachiwa dereva na fundi peke yao. Sisi tulifanya hivyo, na tulilipa. Ndiyo sababu tumelifanya jambo hili kuwa somo.

Pikapu yetu hupeleka ndizi Kisumu kutoka upande wa Keroka, na ikirudi hubeba mchele wa Ahero. Siku moja ikaanza kupandisha joto. Fundi akafungua, akatoa thamostati, akasema, "Hii ni ya nchi za baridi, huku Afrika haina kazi." Siku chache za barabara tambarare mshale haukupanda, nasi tukamshukuru. Kumbe ugonjwa ulikuwa bado ndani. Tulipokuwa tunapanda kutoka Sondu kwenda Oyugis na mzigo, injini ikachemka, na taniboi akakimbia mtoni akaleta ndoo ya maji baridi akayamwaga yote. Hedi ya silinda ikapinda na gasketi ikaungua. Pesa za kununua ng'ombe zikaishia hapo.

Mzee mmoja fundi ndiye alitufungua macho. Dereva alikuwa ameiweka ile thamostati kwenye sanduku la spana. Mzee akaomba sufuria ya maji, akaichemshia mbele yetu, ikafunguka vizuri kabisa. Tulikuwa tumemfukuza mlinzi asiye na kosa!

Sasa hebu tuelewe kazi yake. Thamostati ni mlango mdogo wa chuma wenye nta ndani. Injini ikiwa baridi, mlango umefungwa na maji huzunguka ndani ya injini tu, ili ipate joto upesi. Maji yakifika digrii iliyoandikwa juu yake, mara nyingi 82 au 88, nta huyeyuka na kutanuka, mlango hufunguka na maji huenda kwenye rejeta kupozwa. Ukiitoa, injini hukaa baridi muda mrefu, hasa asubuhi za ukungu huku kwetu milimani. Hapo hula petroli zaidi, oili huchafuka, na silinda husagika mapema. Tena, katika injini nyingine, thamostati ikifunguka huziba njia ya mkato ya maji. Ikiwa haipo, njia hiyo hubaki wazi na maji moto hurudi injini bila kupita rejeta. Kwa hiyo kuitoa kunaweza kuongeza joto badala ya kulipunguza.

Kuipima si kazi ngumu. Injini ikiwa imepoa, itoe. Ishike kwenye mwanga: ukiona nafasi wazi pale mlangoni, imekwama wazi. Kitundu kidogo chenye kipini kinachocheza si kosa, hicho ni cha kupitisha hewa. Halafu ifunge kwa uzi na kuitumbukiza katika sufuria ya maji bila kugusa chini, ukapashe moto. Nzima huanza kufunguka polepole, na ukiitoa ipoe hujifunga tena. Ikibaki imefungwa hata maji yakichemka, hiyo imekufa.

Lakini hapa sikilizeni vizuri, kwa maana vitabu vingi vimeandikwa na watu wa nchi za chini. Keroka iko karibu mita 2,000 juu ya bahari, na huko maji huchemka kwa digrii 93 hivi, si 100. Thamostati ya 82 itafunguka vizuri. Ile ya 88 itaanza tu, haitafunguka yote, kwa sababu maji ya sufuria hayawezi kupata moto zaidi. Msiihukumu bure.

Jambo hilo hilo ndilo lilitupa jibu la ugonjwa wetu. Kifuniko cha rejeta si kizibo tu. Kina springi na mpira wa kubana mvuke, na kikiwa kizima huyafanya maji yachelewe kuchemka kwa digrii kama 20 zaidi. Sisi tulikuwa tumepoteza chetu, tukaweka cha gari lingine pamoja na kitambaa. Maana yake maji yetu yalichemka kama ya sufuria. Na rejeta yenyewe ilikuwa imejaa matope, kwa miaka ya kujazwa maji ya mto. Wenye matangi ya maji ya mvua wasihangaike: hayo ni masafi zaidi, na ukichanganya kulanti, kutu hupungua.

Gari likianza kupata joto, kuna njia ya kujua pa kutafuta kabla ya kumwita fundi. Washa injini ikiwa baridi, kisha gusa hozi ya juu ya rejeta, mkono ukiwa mbali na feni. Mshale ukipanda sana na hozi bado ni baridi, shuku thamostati. Hozi ikipata moto na mshale bado unapanda, tazama feni na mkanda wake, pampu ya maji, rejeta na kifuniko. Magari mengine thamostati iko kwenye hozi ya chini, basi hiyo ndiyo utagusa.

Njiani ikichemka, simama, zima, ngoja angalau nusu saa. Usifungue kifuniko kikiwa moto, maana mvuke wake huchoma uso. Na mshale ukishuka ghafla huku moshi mweupe unatoka, usifurahi: mara nyingi maji yamekwisha na kipimo kimebaki hewani. Ukishapoa, ongeza maji kidogo kidogo, si ndoo nzima kama sisi.

Siku hizi dereva wetu hutazama maji kila alfajiri kabla ya kuwasha, na kuandika katika daftari kiasi alichoongeza. Mweka hazina naye hatoi pesa za kipuri mpaka kile cha zamani kiletwe mkutanoni, na kama ni thamostati, akina mama huleta sufuria. Wengine walicheka mwanzoni. Ile iliyotupwa na fundi wa kwanza ilirudishwa na gasketi mpya, na ndiyo iko ndani ya pikapu mpaka leo.