Maumivu ya nyonga: picha pekee haitoshi

Maumivu ya kinena ni malalamiko ya kawaida miongoni mwa vijana wanaofika katika kliniki za hapa Nakuru. Mchezaji wa soka au raga husema kwamba nyonga humuuma anapochuchumaa, anapopiga mpira, au anaposhuka matatu baada ya kuketi safari nzima kutoka Nairobi. Wengi huambiwa ni msuli uliovutika, hupewa vidonge vya kutuliza maumivu, na miezi hupita bila nafuu.

Wakati mwingine chanzo si msuli bali ni kubanana kwa mifupa ya nyonga.

Ncha ya juu ya mfupa wa paja ni kichwa cha mviringo kinachozunguka ndani ya kikombe cha mfupa. Ukingo wa kikombe hicho umezungushiwa utepe wa gegedu. Kuna watu ambao mfupa wao wa paja una kinundu pale kichwa kinapokutana na shingo. Wengine, kikombe chao hufunika kichwa kupita kiasi, na wengine wana kasoro zote mbili. Paja linapokunjwa, mifupa hugongana na utepe hubanwa, hata ukaweza kuchanika. Mwaka wa 2003, daktari Reinhold Ganz na wenzake wa Bern, Uswisi, walieleza jinsi hali hii inavyoweza kuchakaza nyonga mapema.

Mambo matatu

Mwaka wa 2016, wataalamu wa mataifa mbalimbali waliafikiana huko Warwick, Uingereza, kwamba ugonjwa huu huthibitishwa kwa mambo matatu yakiwa pamoja: dalili za mgonjwa, matokeo ya kupimwa kwa mikono ya daktari, na picha.

Sababu ni hii. Ripoti iliyokusanya tafiti nyingi, iliyochapishwa mwaka wa 2015, ilionyesha kwamba zaidi ya theluthi moja ya nyonga zisizouma kabisa zilikuwa na kinundu. Kwa wanamichezo zilikuwa zaidi ya nusu. Kwa hivyo kinundu peke yake si ugonjwa.

Daktari huanza kwa kuuliza maumivu yako wapi. Mara nyingi mgonjwa huushika upande wa nyonga kwa kiganja, kidole gumba kikiwa nyuma na vidole vingine mbele kuelekea kinena. Kisha hulazwa chali, goti likakunjwa kuelekea kifuani, paja likavutwa ndani na kuzungushwa. Ikiwa maumivu yale yale yanarudi, kiungo chenyewe kinashukiwa.

Picha zipi?

Picha ya kwanza ni eksirei. Huhitajika mbili: moja ya nyonga zote mbili kutoka mbele, na nyingine inayoonyesha shingo ya mfupa wa paja kwa upande. Kinundu mara nyingi hujificha katika ile ya mbele. Mtaalamu hupima pembe kati ya kichwa na shingo. Ikizidi digrii 60, kwa kawaida huhesabiwa kuwa kinundu kipo. Mama mjamzito amweleze mpiga picha kabla ya kuanza.

Eksirei haionyeshi gegedu. Ikiwa maumivu hayapungui, au upasuaji unafikiriwa, kipimo cha MRI huonyesha utepe na gegedu bila kutumia miale. CT huonyesha umbo la mfupa pande zote, lakini hutumia miale. Pakiwa na shaka, dawa ya ganzi hudungwa ndani ya kiungo. Maumivu yakitoweka kwa muda, chanzo kinaelekea kuwa humo humo.

Usichelewe

Picha pia husaidia kugundua magonjwa mengine yanayofanana na haya. Mkimbiaji ambaye kinena chake huzidi kuuma kila akikimbia huenda ana ufa kwenye shingo ya mfupa, na eksirei ya mapema yaweza kuukosa. Aache kukimbia hadi apimwe. Mtoto wa kati ya miaka 10 na 16 anayechechemea, hata akilalamikia goti tu, apigwe picha ya nyonga haraka kwa kuwa kichwa cha mfupa huenda kinateleza. Homa, kupungua uzani, au kushindwa kukanyaga chini huhitaji daktari siku hiyo hiyo; kifua kikuu na usaha pia huingia kwenye nyonga.

Wengi wenye kubanana hupata nafuu kwa mazoezi wanayoelekezwa na mtaalamu na kwa kuepuka kuchuchumaa sana. Wengine huhitaji upasuaji. Kabla ya kuukubali, chukua picha zako za zamani na umuulize daktari: je, dalili zangu, ulivyonipima na picha hizi vyote vinasema jambo moja?